Mche Uliokataa Kusimama

Ukiwauliza watu waliokulia Machakos miaka ile nyumba ya marehemu Mzee Habibu ilikuwa wapi, hawakutajii mtaa wala barabara. Watakuambia, "Si pale palipokuwa na ule mti?" Basi, yameisha. Mti wenyewe mji mzima ulikuwa mmoja tu. Ulisimama nyuma ya msikiti, umenyooka kama uliopigiwa timazi na fundi, matawi yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa, kila ghorofa imejitandaza pande zote kama mwavuli. Wakulima waliotoka Mwala na mikokoteni ya punda waliiona ncha yake kabla hawajaona mabati ya mji, wakajua safari imekwisha.

Mzee Habibu aliuleta mwenyewe kutoka Mombasa, enzi za ujana wake akiendesha malori. Aliuona ukiwa mche kwenye bustani ya ofisi moja karibu na bandari, ukamwingia moyoni, akaomba, akapewa. Ukasafiri hadi Machakos ndani ya mkebe wa mafuta ya kupikia, umebanwa katikati ya miguu ya utingo wake. Majirani Wakristo waliuita mti wa Krismasi, na kila Desemba hakukosi mtu wa kumtania mkewe.

"Bi Halima, mwaka huu mnawasha mishumaa?"

"Huu ni mti wa Idi," naye hujibu. "Nyinyi nawaazima tu mwezi mmoja."

Kalunde alianza kazi katika nyumba hiyo mwanawe wa kwanza, Mbinya, akiwa bado mgongoni. Kila asubuhi aliteremka kutoka kwao kwenye miteremko ya Iveti, akipita kingo za matuta ya mahindi na mbaazi, umande ukimlowesha pindo la leso. Aliajiriwa kufua. Lakini aliyezaliwa na jembe mkononi hawezi kuona udongo mtupu akaupita. Haukupita muda, uwanja mzima ukawa wake: mrehani, asumini za Bi Halima, sukumawiki nyuma ya jiko, na ua wa saipresi uliozunguka nyumba, ambao aliukata na kuunyoosha mpaka wapita njia wakawa wanaupapasa kwa viganja wakienda zao.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini vidukari vikavamia saipresi. Si kwa Mzee Habibu peke yake. Mji mzima na milima yake. Ua uliokuwa kijani ukageuka rangi ya kutu, vijiti vikakauka vikabaki vimesimama kama mifupa. Kalunde aliung'oa shina baada ya shina, Mzee Habibu akimtazama kutoka barazani. Alipomaliza, mzee aliuliza jambo moja tu.

"Na ule?"

Kalunde aliutazama mti mrefu. Akakagua ncha za matawi ya chini, akageuza majani moja moja. "Hii iko sawa, mzee. Hao wadudu hawaitaki."

"Alhamdulillahi," akasema mzee. Msimu wa baridi uliofuata, akafariki.

Bi Halima alipotoka eda, alihamishia kiti chake chini ya mti. Hapo ndipo alipochambulia mchele, ndipo alipopokelea wageni. Ua ulikuwa umekufa, lori liliuzwa zamani, nyumba yenyewe ilikuwa na nyufa. Kitu kilichopita katika mikono ya mumewe na bado kikawa kinaongezeka, kilikuwa hicho peke yake.

Ndiyo maana Ismael, mwanawe wa pekee, alipokuja siku moja kumwambia kwamba anataka kujenga, alizungukazunguka sana kabla ya kufika penyewe. Ismael alikuwa mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, mtu mnene, mpole, mwenye haraka. Alieleza habari ya nyufa, akaeleza habari ya wanawe kusongamana, akaeleza kwamba kila mtu mjini sasa anajenga ghorofa.

"Na mti?" mama yake akauliza.

Ismael akaangalia viatu vyake. "Msingi utapita hapo hapo, mama."

Bi Halima hakubishana. Ismael alipoondoka, alimwita Kalunde aliyekuwa akianika nguo.

"Mama Mbinya, umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Mimi siwezi kumzuia kijana asiwajengee watoto wake. Lakini wewe mkono wako hauna kisirani na mimea. Huu mti nitafutie mtoto."

Kalunde aliitikia upesi, kama mtu aliyetumwa chumvi. Kumbe ametumwa mbali. Mbegu hakupata; mti ulikuwa mpweke, na kilichodondoka chini yake hakikuota. Akajaribu njia aliyoijua toka utotoni. Kwao Ukambani mtu akitaka ua, hukata fito nene akazichomeka ardhini, na mvua ya kwanza ikinyesha zinachipua. Akakata vipande vikomavu vya matawi, vinene kama mpini wa jembe, akavipanda kivulini. Vyote vikakauka. Akapanda vingine, navyo vikafuata. Safari ya tatu, kwa kukata tamaa zaidi kuliko kwa akili, alikata ncha changa za tawi la chini, zile laini za kijani kibichi zilizotoka na mvua, akazichomeka kwenye mchanga, akazifunika kwa karatasi ya plastiki.

Moja ikashika. Siku Kalunde alipoichokoa kidogo akaona uzi mweupe wa mzizi, alipiga kigelegele peke yake uani. Bi Halima akatoka jikoni na mwiko mkononi akidhani kuna mgeni.

Furaha hiyo iliishi mwaka mmoja. Mche ulikua, lakini ulikua ukilala. Badala ya kwenda juu, ulijinyoosha kando, majani yametandazwa huku na huku kama kiganja cha mtu anayeomba. Kalunde akaufunga kwenye kijiti. Ukakubali pale penye kamba, ukapita kamba, ukalala tena. Akaugeuza mkebe upande wa pili ili ufuate jua. Ukalala upande wa pili.

Ismael alicheka alipouona. "Mama, huu ni mti au ni mkeka?"

Mama yake hakucheka. Kalunde naye alirudi nyumbani jioni hiyo ameubeba mkebe kifuani, akapitia kwa Mwalimu Bartholomew Muthoka, jirani yake wa mteremko mmoja. Mwalimu huyo alifundisha kilimo katika shule ya sekondari, na alikuwa na kipaji cha kusema mambo ya kitabu kama vile ni habari za mjini. Alimkaribisha Kalunde kwenye benchi, akaupokea mche, akauzungusha zungusha.

"Hauna ugonjwa," alisema. "Mti huu mimi sijawahi kuuotesha. Jina lake ni araukaria, ndugu yao misonobari. Ulikata wapi?"

"Tawi ya chini, ile ya kando. Na kabla yake nilipanda vipande vikubwa, vikakauka vyote."

"Vikubwa havikuwa na ncha changa. Sikiza, Mama Mbinya. Kichipukizi kinachokua kina kiwanda chake. Mle ndani ya ncha, kwenye majani machanga kabisa, mti unatengeneza kitu kinaitwa homoni. Ni kidogo, huwezi kukiona wala kukionja. Kinateremka polepole kwenda chini. Kikifika pale ulipokata, kinaliambia gamba, toa mizizi. Ndicho kilichokusaidia. Ule ukuni wa zamani hauna wa kuuambia."

Kalunde aliitikia kwa kichwa taratibu. Hilo lilimwingia. "Na kulala?"

"Homoni hiyo hiyo ina kazi nyingine. Kile kilele cha mti, ncha ya juu kabisa, kinateremsha yake na kuyatuliza machipukizi yote ya chini. Yasisimame, yasishindane nacho. Ndiyo sababu shina linapanda moja kwa moja na matawi yanakwenda kando."

"Lakini mimi nilishaikata, mwalimu. Hii haiko chini ya mtu. Mbona haijasimama?"

Mwalimu Muthoka alicheka kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali zuri. "Miti mingi ingesimama. Huu una ukaidi wake. Tawi likizaliwa tawi, hata ulipande peke yake nyikani, litaishi likijua ni tawi. Kwa nini? Hilo hata wasomi bado wanalitafuta. Ukitaka mti wa kusimama, kata ncha ya kilele. Hiyo ndiyo inayojua njia ya juu."

Kalunde alipomfikishia Bi Halima maneno hayo, mama huyo aliiacha chai mpaka ikapoa.

"Kwa hiyo tumkate kichwa," alisema mwishowe.

"Itakatwa yote, mama. Afadhali tuchukue kichwa ikiwa hai."

Shida ikawa mpandaji. Fundi wa kukata miti aliitwa, akatazama juu, akatikisa tawi moja, akasema mbao za mti huu huvunjika kama biskuti, naye ana watoto. Wa pili alisema hivyo hivyo kwa maneno mengine. Ilikuwa alasiri, Ismael akiwa amepita kumsalimu mama yake, na funguo za duka zikining'inia mkononi. Aliwasikiliza mafundi wale mpaka walipoondoka. Kisha akampa Kalunde funguo, akavua viatu na soksi, akakunja suruali hadi magotini, akajifunga kiunoni kisu na kamba ya ndoo yenye leso mbichi.

"Ismael, unafanya nini?" mama yake akauliza.

"Njia yake naijua mimi."

Kalunde hakuwahi kusahau alichokiona. Lile pande la mtu, ambalo ngazi za benki zililitoa jasho, lilikumbatia shina likapanda. Hakukanyaga katikati ya tawi hata mara moja. Aliweka nyayo pale tawi linapoungana na shina, tawi hili, kisha lile la nyuma yake, akizunguka mti kama anayepanda ngazi za mnara. Miguu yake ilikumbuka. Bi Halima alisimama chini ameshika buibui kwa mikono miwili, na Ismael alipopita usawa wa paa, sauti ikamtoka:

"Shuka! Shuka wewe! Baba yako akirudi atakuchapa!"

Kisha akajisikia alichosema. Akaketi. Huko juu Ismael naye akasita. Ikabaki harufu ya asumini tu, na kuku, na redio ya jirani. Ndipo kicheko chake kikashuka kupitia matawini, kicheko ambacho Kalunde hakuwahi kukisikia dukani.

Alikaa kileleni muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji. Mwishowe aliiteremsha ncha ndani ya ndoo kwa kamba, ameivingirisha kwa leso iliyoloweshwa maji. Kalunde aliipokea. Ilikuwa na urefu wa mkono, laini, na utomvu ulimnata vidoleni ukinuka kama mbao mbichi na limau. Ismael aliposhuka, mikono yake ilikuwa imechubuka na shati limechanika kwapani.

"Mama," alisema akihema, "kule juu mlima wa Kiima Kimwe unauona wote. Na lile duka la zamani, pale baba alipokuwa akiegesha lori, kumbe paa lake bado ni lile lile." Akavaa kiatu kimoja, akakaa nacho. "Mwaka huu sijengi."

Baadaye mvua kubwa za El Nino zilipokuja zikakata barabara na kubomoa madaraja, watu walisema hizo ndizo zilizomzuia Ismael. Kalunde aliwaacha waseme.

Ile ncha aliilea kama mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake. Aliipanda kwenye mchanga wa mtoni, akaifunika, akaiweka kwenye kona ya baraza ambako jua lilifika limechujwa. Kila asubuhi, kabla hajagusa beseni la nguo, alikwenda kuitazama. Mvua ilinyesha mpaka nguo zikaota ukungu kwenye kamba, na ncha haikufanya lolote ila kubaki kijani. Hilo pekee lilimtosha. Masika yaliyofuata ikatoa mzunguko mdogo wa matawi, duara kamili, na katikati ya duara hilo kidole kikanyooka kuelekea juu.

"Kimesimama," Kalunde alisema.

Bi Halima alikigusa kwa ncha ya kidole, akaingia ndani kuswali.

Mti mama nao ulikuwa na yake. Chini kidogo ya pale Ismael alipokata, machipukizi yalitokeza kwenye shina, yote yamesimama wima, yote yanakimbilia juu. Ilikuwa ni baada ya uchaguzi, na Bi Halima alipenda kuwaonyesha wageni. "Tazameni. Tulimwondoa mkubwa, sasa kila mmoja anataka kiti."

Miaka miwili baadaye ni yeye mwenyewe aliyemwambia Ismael ajenge. Wajukuu walikuwa wamekua, na ufa wa chumba cha kati ulipitisha mkono. Siku ya kuangusha mti Kalunde alikuja kazini kama kawaida, akatia nguo kwenye maji, akashindwa kufua. Alikaa jikoni na Bi Halima wakisikiliza msumeno. Harufu ya utomvu ilijaza mtaa mzima, ikaingia hadi msikitini. Mbao zake hazikufaa milango, lakini Mudi, fundi wa zege, alizitumia kushikilia dari ya ghorofa ya kwanza mpaka ilipokauka.

Mche uliosimama ukapewa nusu ya pipa, ukapandishwa kwenye paa la zege, karibu na kamba za nguo. Miaka iliyofuata, Kalunde akiikumbuka, ndiyo anayoiona tamu kuliko yote. Bi Halima alihamia ghorofa ya juu, na magoti yake yalipokataa ngazi za kushuka, aliacha kabisa kwenda mjini. Mji ukawa unakuja kwake. Alasiri Kalunde akimaliza kuanika, walikaa wawili hao katikati ya mashuka yanayopepea, mche pembeni, wakinywa chai ya tangawizi na mahamri. Bi Halima alisimulia Mombasa ya usichana wake, Kalunde akasimulia njaa ya mwaka alioolewa. Wakati mwingine hawakusimulia. Upepo wa Iveti ulishuka, mashuka yakajaa yakashuka, na kila mvua ilipopita walikuta duara jipya la matawi.

Ule mche uliolala Bi Halima alikuwa amemkabidhi Kalunde zamani. "Huyu mvivu mpeleke kwako," alimwambia. "Huku mjini watu watamkanyaga." Kalunde aliupanda kwenye ukingo wa tuta la juu, ambapo hakuna kilichomea isipokuwa majani ya ng'ombe. Ukajinyoosha kando ya ukingo huo, matawi yakining'inia hewani juu ya tuta la chini, na kuku wakapata mahali pa kutagia.

Bi Halima alifariki mwaka wa elfu mbili na tatu, alfajiri ya siku ya Ijumaa. Wanawake wa msikitini walimwosha. Kalunde hakujua akae wapi, maana hakuwa wa nyumba na hakuwa mgeni, mpaka mke wa Ismael alipomshika mkono akamkalisha mkekani pamoja na wenyewe. Arubaini ilipopita alipanda juu ya paa kuanua nguo, akakuta pipa limepasuka. Mizizi ilikuwa imetoka nje inatafuta pa kwenda.

Ismael aliamua uende uwanja wa madrasa. Kuushusha ndiko kulikofanya watu wakusanyike. Mudi aliamuru kamba zifungwe chini ya pipa, mtu mwingine akasema zifungwe kwenye shina, wa tatu akataka winchi iletwe kutoka Mlolongo. Walibishana mpaka adhana. Mwishowe mti ulining'inia mbele ya madirisha, ukizunguka polepole, watoto wakipiga makofi kila ulipovuka ghorofa. Kalunde alisimama chini, mikono imenyooshwa juu, kana kwamba angeweza kuudaka.

Yeye aliacha kazi muda mfupi baadaye. Mbinya alikuwa ameajiriwa na kumwambia apumzike, na nyumba ile bila mwenyewe ilikuwa na mwangwi.

Ismael humtembelea. Mara ya mwisho ilikuwa Agosti, mwaka wa elfu mbili na saba, ukungu ukiwa haujatoka Iveti. Alikuja na Nuha, bintiye mkubwa, aliyekuwa karibu kuolewa, wakamletea Kalunde kanga na kilo za sukari. Ismael alikuwa na mvi sasa na fimbo. Walikwenda wote hadi kwenye ukingo wa tuta. Mti uliolala ulikuwa mrefu kuliko chumba, na hapakuwa na sehemu yake iliyopita kiuno cha mtu.

"Huu nao ni mti gani, Mama Mbinya?" Nuha aliuliza.

"Ni mti ya nyanya yako. Niko nayo hapa tangu ukiwa shule ya msingi."

"Haujawahi kujaribu kusimama?"

"Mwanzo nilikuwa naifunga na vijiti," Kalunde alisema. "Siku hizi naiacha. Iko na amani."

Ismael aliinama kwa shida akatafuta ncha ya mwisho ya mti, ile changa. Aliivunja kidogo kwa kucha, akanusa ile harufu ya mbao mbichi na limau, akafumba macho. Nuha alitaka kumuuliza kitu. Kalunde akamgusa begani, akamwongoza taratibu kuelekea jikoni, ambako isyo ya mahindi na maharagwe ilikuwa imeanza kuchemka, wakamwacha baba yake pale ukingoni mpaka alipokuwa tayari kuja kula.